Kwa nini Arlington ilikufa na Pimlico ikapewa maisha mengine

SWALI: Nafuatilia mbio za farasi za Marekani. Uwanja wa Pimlico kule Baltimore umevunjwa ili ujengwe upya, na Preakness Stakes, mbio yake kubwa, ya 2026 ikapangiwa Laurel Park, uwanja mwingine wa jimbo hilohilo la Maryland. Tunaambiwa itarudi nyumbani 2027. Lakini Arlington Park ya Chicago ilikuwa nzuri kuliko Pimlico kwa kila hali, na hiyo haikupewa nafasi ya pili. Kwa nini uwanja mbovu uokolewe na mzuri uachwe ufe? Na nitazame nini ili nijue kama Pimlico itapona kweli, au kifo chake kimeahirishwa tu?

JIBU: Ndugu msomaji, liweke jukwaa kando kwanza. Jukwaa ndilo linalopendeza kwenye picha, lakini silo linaloamua uhai wa uwanja wa mbio. Kinachoamua ni mali tatu ambazo mtazamaji huziona kama kitu kimoja: ardhi, leseni pamoja na siku za mbio zinazotolewa na tume ya jimbo, na jina la ile mbio kubwa inayoleta umati. Mali hizi zinaweza kushikwa na mtu mmoja au na watu watatu. Uliza nani anashika ipi. Kisha uliza swali zito zaidi: ni sheria gani inamzuia kuzitenganisha? Arlington haikuwa na kizuizi. Pimlico ilikuwa nacho, tena kimeandikwa.

Arlington ilifunguliwa 1927. Jukwaa lake liliungua tarehe 31 Julai 1985, na siku 25 baadaye Arlington Million, mbio yake kubwa, ikakimbizwa palepale, watu wakiwa kwenye viti vya muda na mahema. Jukwaa jipya la 1989 lilikuwa miongoni mwa mazuri kabisa nchini humo. Mwaka 2000 uwanja ukaingia mikononi mwa Churchill Downs Incorporated, kampuni yenye uwanja wa Kentucky Derby. Kwa miaka mingi wenye viwanja vya Illinois walililia ruhusa ya kuweka mashine za kamari ili mapato yake yaongeze zawadi za mbio. Ruhusa ikapatikana Juni 2019. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba Arlington haitaomba leseni hiyo, kwa hoja kwamba kodi ni kubwa mno. Miezi michache kabla yake ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya Rivers Casino iliyoko Des Plaines, mji wa jirani. Mfanyabiashara hajengi duka la pili litakalomnyang'anya wateja wa duka lake la kwanza, hasa kama faida ya la pili lazima agawane na wenye farasi.

Mbio za mwisho zilifanyika 25 Septemba 2021. Februari 2023 ekari 326 zikauzwa kwa timu ya Chicago Bears kwa dola milioni 197.2, na kabla mwaka haujaisha jukwaa likawa kifusi. Lakini Arlington Million yenyewe haikufa. Mwaka 2022 ilikimbizwa Churchill Downs, na kuanzia 2023 ikahamia Colonial Downs, Virginia. Ardhi ikaenda kwa timu ya mpira, jina likaenda jimbo jingine, siku za mbio zikayeyuka. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu hakukuwa na sheria iliyozifunga pamoja.

Sasa Pimlico. Ilifunguliwa 25 Oktoba 1870, na Preakness ya kwanza ikakimbizwa hapo 1873. Kufikia miaka yetu hii ulikuwa uwanja wa aibu. Mwaka 1998 transfoma iliharibika siku yenyewe ya Preakness, umeme ukakatika sehemu kubwa ya uwanja kukiwa na joto kali. Mwaka 2019 viti 6,670 vya jukwaa la zamani vilifungwa baada ya wahandisi kusema sehemu hiyo haiwezi kubeba uzito wa watu. Mwenye uwanja, kampuni ya Stronach, alikuwa anaelekeza fedha za matengenezo Laurel Park, ulioko kati ya Baltimore na Washington, na hakuficha kwamba hakuona faida ya kuendelea Pimlico. Kwa hesabu za biashara peke yake, Pimlico ilistahili kufa kabla ya Arlington.

Kilichoikinga ni kifungu kimoja. Sheria ya Maryland ilisema Preakness inaweza kuhamishiwa uwanja mwingine ndani ya jimbo kwa sababu ya maafa au dharura tu. Mwaka 2019 jiji la Baltimore likaenda mahakamani kutaka kuutwaa uwanja kwa nguvu ya sheria na kumlipa mwenyewe fidia. Kesi hiyo iliondolewa miezi michache baadaye, pande zote zilipoanza kuzungumza. Sidhani jiji lilitarajia sana kushinda; lilihitaji mwenye mali akae mezani, na akakaa.

Mazungumzo hayo yalizaa sheria ya 2020 iliyoruhusu bondi, yaani hati za mkopo, za dola milioni 375. Huo mpango ukumbuke kila unaposikia tarehe ya ufunguzi ikitajwa kwa uhakika mkubwa. Ulitaka kujenga viwanja viwili kwa mpigo, Pimlico na Laurel. Gharama zikapanda juu ya makisio, suala la kodi katika kukabidhiana mali likazua mvutano, na kwa miaka kadhaa hakuna la maana lililojengwa. Tofauti kubwa ya sheria ya 2024 si ukarimu, ni udogo wa shabaha: uwanja mmoja wa mbio mwaka mzima badala ya viwili. Pimlico ikakabidhiwa jimbo kwa dola moja, bondi za hadi dola milioni 400 zikaruhusiwa, na tangu 1 Januari 2025 mbio zikawa zinaendeshwa na shirika lisilo la faida linalotumia jina la kale la Maryland Jockey Club.

Mpaka hapo ni habari njema. Kidonda kiko kwenye mali ya tatu. Jina la Preakness halikukabidhiwa pamoja na ardhi. Makubaliano ya 2024 yaliliacha kwa Stronach, pamoja na lile la Black-Eyed Susan, mbio inayotangulia Preakness kwa siku moja. Kuanzia 2027 mwendeshaji anatakiwa kulipa dola milioni 3 kwa mwaka, na juu yake asilimia 2 ya dau zinazowekwa siku hizo mbili. Maana yake, siku pekee ambayo uwanja unapata fedha nyingi inaanza ikiwa na deni. Na jina likiwa mali ya mtu, linauzika. Anayelinunua kesho anaweza kuwa na mipango tofauti kabisa na aliyetia sahihi jana.

Usidhani jina hili limefungwa kwa msumari Baltimore. Mwaka 1890 Preakness ilikimbizwa Morris Park, New York. Miaka mitatu iliyofuata haikukimbizwa kabisa. Kuanzia 1894 hadi 1908 ilikuwa Gravesend, Brooklyn, na ndipo 1909 ikarudi Pimlico. Gravesend iliyoilea miaka 15 ilifungwa 1910, baada ya New York kupitisha sheria kali dhidi ya kamari mwaka 1908. Uwanja ule ulikuwa na umati na farasi bora. Ulinyimwa dau, ukafa.

Watu wengi wametulia kwa kuwa ardhi sasa ni ya serikali. Tulia, lakini nusu. Nchini Singapore, ambako klabu ya mbio ilianzishwa 1842, ardhi ya uwanja wa Kranji ilikuwa chini ya serikali, na ni serikali hiyohiyo iliyotangaza Juni 2023 kwamba inaitaka. Mbio za mwisho zilikuwa 5 Oktoba 2024, na zaidi ya hekta 120 zikapangwa kurudishwa ifikapo Machi 2027 kwa ajili ya makazi na matumizi mengine. Kranji haikuwa uwanja chakavu. Ilianza kutumika 1999 tu. Serikali ni mlinzi mzuri pale tu bunge linapoona kura ndani yake. Maryland ina sababu hiyo, kwa kuwa Preakness ni moja kati ya mbio tatu kubwa zinazounda taji liitwalo Triple Crown, na mtaa wa Park Heights unaozunguka uwanja umeahidiwa maendeleo yanayoambatana na mradi. Sababu hizo zikififia, hati ya serikali haizuii kitu.

Linganisha na Rosehill, Sydney. Kule mwenye ardhi ni Australian Turf Club, klabu ya wanachama. Desemba 2023 ulitangazwa mpango wa kuuza uwanja kwa takribani dola bilioni 5 za Australia, zijengwe nyumba 25,000 na kituo cha treni. Viongozi wa klabu na wa jimbo walikuwa wanautaka. Mei 2025 wanachama wakapiga kura, na zaidi ya asilimia 56 wakakataa. Kati ya ngao zote, kura ya wanachama wenye mali ndiyo naiona imara kuliko nyingine, na ndiyo ambayo si Arlington wala Pimlico imewahi kuwa nayo katika zama hizi.

Ngao dhaifu kuliko zote ni orodha ya kumbukumbu za kihistoria. Hialeah Park ya Florida iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa 1979. Majengo yapo, bustani zipo, flamingo wapo. Farasi wa Thoroughbred, aina inayokimbia Preakness, waliacha kukimbia hapo 2001. Orodha hulinda matofali, haimlazimishi mtu kuendesha mbio. Hialeah inafundisha jambo la pili pia: mbio za farasi wa aina nyingine, wale wa masafa mafupi, zilirudishwa 2009 kwa kuwa ndizo zilizokuwa mlango wa kupata leseni ya kasino. Sheria ya Florida ya 2021 ilipoondoa sharti la kuendesha mbio hizo ili kuwa na kasino, farasi hawakuhitajika tena. Ukisikia kasino imekuja kuuokoa uwanja, uliza kama sharti la mbio limeandikwa ndani ya leseni ya kasino na nani ana uwezo wa kulifuta.

Sasa fedha, kwa sababu msomaji mwingi hushangaa inakuwaje uwanja ujaze watu zaidi ya laki moja kwa siku (Preakness ya 2017 ilipata 140,327) na bado ulie njaa. Dau zote za aina moja huingia chungu kimoja. Kabla ya kugawiwa washindi hukatwa makato, kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea aina ya dau. Dola 100 zikiwekwa dirishani pale uwanjani, tuseme zinakatwa 20. Sehemu huenda kwenye zawadi za wenye farasi, sehemu kwa mwendeshaji, na mabaki kwa jimbo na wafugaji. Lakini siku hizi dau nyingi huwekwa kwa simu au kwenye uwanja mwingine kabisa. Hapo anayepokea dau ndiye anayebaki na sehemu kubwa ya makato, na uwanja ulioendesha mbio hupata ada ambayo mara nyingi haifiki dola 10 kati ya zile 100. Zamani ilizoeleka kuwa 3 tu. Ndiyo maana tarakimu kubwa ya dau zilizowekwa, ile inayotangazwa kila mwaka kwa fahari, haikuambii chochote kuhusu afya ya uwanja. Uliza sehemu gani iliwekwa pale pale.

Zawadi za Maryland kwa hiyo zinategemea mno mgao wa mashine za kamari zilizoruhusiwa kwa kura ya wananchi ya 2008. Mashine zenyewe hazikukaa uwanjani: ombi la Laurel lilitupwa kwa kuwa halikuambatana na ada iliyotakiwa, na leseni ya eneo hilo ikaangukia kwenye kituo cha maduka cha Arundel Mills. Mgao unakuja kwa amri ya bunge, na kila bajeti ya jimbo inapobana kuna mbunge anayeukodolea macho.

Hata hivyo, kinachoua uwanja kwa kawaida si bunge wala mnunuzi wa ardhi. Ni mabanda matupu, na hapa ndipo ningekuomba utazame kuliko popote. Fanya hesabu hii. Siku ya kawaida ina mbio 9. Mbio yenye mvuto kwa waweka dau inahitaji farasi 8. Hao ni 72 kwa siku, na kwa siku 3 za wiki ni 216. Farasi mzima hukimbia mara moja kila wiki 5 hivi, kwa hiyo unahitaji 1,080 walio tayari. Ongeza wanaouguza miguu, wadogo ambao bado wanafunzwa, na waliopumzishwa, unakaribia 1,500. Kila mmoja anahitaji chumba chake, kwa kawaida futi 12 kwa 12, pamoja na njia ya mazoezi ya alfajiri, maji, pa kutupa samadi, na malazi ya watunzaji. Pimlico iko katikati ya mtaa wa watu. Haina nafasi ya yote hayo. Mpango mzima unasimama juu ya kituo cha mazoezi kilicho mahali pengine, farasi wakiletwa kwa malori siku ya mbio.

Kituo hicho kikichelewa, hakuna atakayeandamana. Mkufunzi mwenye farasi 20 atahesabu nauli ya lori na kodi ya banda, kisha ataangalia ramani: Delaware Park iko karibu, Parx iko Pennsylvania, Charles Town iko West Virginia, Colonial Downs iko Virginia. Akihama huhama na daktari wake wa farasi, mpiga kwato wake na wapanda farasi wa mazoezi. Watu hao hawarudi kwa sababu jukwaa jipya limepakwa rangi. Na farasi wa kuwabadilisha hawapo: Amerika Kaskazini ilisajili Thoroughbred wachanga zaidi ya 51,000 mwaka 1986, na sasa hawafiki 20,000.

Athari yake huonekana upesi kwenye dau. Mbio ya farasi 8 ina njia 336 za kupanga watatu wa kwanza. Ya farasi 6 ina 120. Waweka dau wakubwa hukimbia mbio nyembamba kwa kuwa malipo ni madogo. Dau zikipungua, zawadi hupungua, na zawadi zikipungua wenye farasi huondoka zaidi. Uwanja ukishaingia mzunguko huo, tume hupunguza siku za mbio, na kila anayesoma taarifa husema watu wameacha kupenda mchezo.

Kuhusu ujenzi wenyewe, jengo halinipi wasiwasi kama njia ya kukimbilia. Njia ya udongo ina msingi ulioshindiliwa, na juu yake tabaka laini la inchi 3 hadi 4 la mchanganyiko wa mchanga na udongo laini wa aina mbalimbali. Msingi usipokuwa sawasawa, haro inayovutwa na trekta huufikia sehemu moja na kuukosa nyingine, na kwato hukuta ugumu tofauti hatua kwa hatua. Mvua ikisomba chembe laini kutoka upande wa nje wa kona, ambao huwa juu, kuelekea ndani, njia inakuwa na tabia mbili ndani ya mzunguko mmoja. Laurel ilijenga upya njia yake ya udongo 2021 na kuifungua Septemba. Mwisho wa Novemba mbio zikasimamishwa baada ya farasi kadhaa kufa, na kazi ikaanza tena. Nyasi nazo hazina haraka: zinahitaji msimu mzima wa kuotesha mizizi, la sivyo kwato hung'oa mapande kwenye kona ya kwanza. Tangu Julai 2022 mamlaka ya kitaifa ya usalama wa mbio, HISA, inadai vipimo vya njia na kumbukumbu za matengenezo yake. Kwa hiyo uwanja unaweza kuwa na viti tayari na bado usiwe na ruhusa wala wakufunzi wanaothubutu kuleta farasi wao.

Basi utazame nini? Usisubiri siku ya Preakness ya 2027. Siku hiyo itafana hata kama nusu ya uwanja bado ina vumbi la saruji. Mbio moja yenye jina hujazwa kwa mahema, kama Arlington ilivyofanya 1985. Tazama kama njia imefunguliwa kwa mazoezi miezi kadhaa kabla ya mbio ya kwanza, au wiki chache tu. Tazama kituo cha mazoezi kinachukua farasi wangapi, na kimeanza kupokea lini. Soma ratiba ya siku za mbio ambayo Maryland Racing Commission itaidhinisha kwa mwaka unaofuata ufunguzi, kisha hesabu wastani wa farasi kwa kila mbio katika Jumatano au Ijumaa isiyo na sherehe. Ukiwa juu ya 7, wakufunzi wameamua kubaki. Ukishuka chini ya 6 kwa msimu mzima huku siku zikipunguzwa, Pimlico itakuwa ukumbi wa gharama kubwa unaofunguliwa kwa wikiendi moja ya Mei, na mwenye jina la Preakness atakapokuja kujadili mkataba mpya atajua hivyo kabla yako.